Tanzania ilipotoka COMESA: nani alilipa, na alilipia wapi

Septemba 2000 Tanzania ilitoka rasmi katika COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, nchi tisa za soko hilo (Kenya, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Misri, Sudan, Madagaska, Mauritius na Djibouti) zilifuta ushuru wa forodha kati yao. Hata miezi miwili haikupita. Tulikuwa wanachama tangu enzi za PTA, eneo la upendeleo wa biashara lililoitangulia COMESA, miaka ya 1980, tukahudhuria vikao na kulipa michango. Eneo huru la biashara lilipozinduliwa, sisi tulikuwa tumeshaaga.

Kisa hiki hutajwa kila unapozuka mjadala wa nchi kutoka kwenye jumuiya ya kibiashara, na hutajwa na pande zote mbili. Anayetaka kutoka atakwambia: mbona tulitoka COMESA na nchi haikutetereka? Anayetaka kubaki atakwambia tulipoteza soko la watu mamia ya milioni. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi na naona wote wanahesabu vibaya, kwa sababu wanatafuta jibu moja la taifa zima. Hasara ya kutoka ilikuwepo, lakini iliangukia watu fulani, mpaka fulani na miaka fulani. Ukiitafuta kwingine huioni.

Sababu zilizotolewa

Kwa mujibu wa mkataba wa COMESA, nchi inayotaka kutoka hutoa taarifa ya maandishi mwaka mmoja kabla. Tanzania ilitoa yake mwaka 1999, chini ya Rais Benjamin Mkapa. Hakukuwa na ugomvi wala mpaka uliofungwa. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu kumbukumbu yetu ya kuvunjika kwa umoja ni ile ya 1977, pale Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokufa na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Mara hii mambo yalikwenda kwa barua na utaratibu.

Hoja za serikali zilikuwa tatu. Kwanza, nchi ilikuwa kwenye jumuiya nyingi mno kwa wakati mmoja: COMESA, SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa inafufuliwa, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Pili, michango na gharama za vikao. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote, hofu ya kupoteza mapato ya forodha na kuua viwanda.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeanza kazi Julai 1996. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilianza Julai 1998. Kwa serikali ambayo bado inajifunza kukusanya kodi ya ndani, ushuru wa mpakani na bandarini ndiyo pesa iliyo rahisi kuishika: mzigo unaonekana, unasimama, unalipiwa. Na upande wa viwanda, mtu aliyepita Mwanza, Musoma au Ubungo miaka ya 1990 aliona hali ya viwanda vya nguo vya Mwatex, Mutex na Urafiki. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanafungwa. Kuwaambia Watanzania wa wakati ule kwamba sasa bidhaa za Kenya na Misri zitaingia bila ushuru kulihitaji ujasiri ambao wanasiasa wachache walikuwa nao.

Kulikuwa pia na kumbukumbu ya zamani. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 uliweka kodi maalumu ili viwanda vya Tanzania na Uganda visimezwe na vya Kenya, na bado malalamiko ya kwamba Nairobi inafaidi kuliko wengine hayakuisha hadi Jumuiya ikafa. Kizazi kilichokuwa wizarani mwaka 1999 ndicho kilichoshuhudia hayo kikiwa kijana. SADC, kwa upande wake, ilikuwa na historia ya ukombozi: Lusaka 1980, nchi za mstari wa mbele, Mwalimu. Uchaguzi wa kubaki SADC na kuacha COMESA haukufanywa kwa kikokotoo peke yake, na silaumu mtu kwa hilo.

Hoja mbili zinazopwaya

Hoja ya wingi wa uanachama ina ukweli wa kisheria. Nchi moja haiwezi kuwa ndani ya umoja wa forodha zaidi ya mmoja, kwa sababu umoja wa forodha una kiwango kimoja cha ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje yake. Huwezi kuahidi Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwamba pikipiki ya India utaitoza kiwango hiki, halafu ukaahidi Lusaka, makao ya COMESA, kwamba pikipiki hiyohiyo utaitoza kiwango kingine. COMESA, SADC na Afrika Mashariki zote zilikuwa na mpango wa kufika huko.

Lakini angalia kilichotokea. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Ule wa COMESA ulizinduliwa Victoria Falls Juni 2009, na haukuwahi kufanya kazi kama umoja wa forodha wa kweli. Ule wa SADC ulipangiwa mwaka 2010, mwaka ukapita. Tulijitoa ili tusije tukafunga ndoa tatu, na mbili kati ya hizo hazikufungwa. Kenya ilibaki COMESA na ikawa Afrika Mashariki pia. Hakuna aliyeilazimisha kuchagua.

Hoja ya mapato ndiyo inayonisumbua zaidi. Inasemwa kana kwamba kubaki mwanachama kulimaanisha kufuta ushuru Oktoba 2000. Sivyo. COMESA ilikuwa na wanachama wapatao ishirini, na tisa tu ndio walioingia kwenye eneo huru siku ile. Uganda ilibaki mwanachama na haikuingia eneo huru kwa zaidi ya miaka kumi. Ethiopia nayo ilibaki nje ya eneo hilo ikiwa mwanachama kamili. Maana yake Tanzania ingeweza kukaa ndani, ikaendelea kutoza ushuru wake, ikasubiri. Mlango ambao Kampala iliutumia ulikuwa wazi kwetu pia. Katika mijadala niliyoifuatilia, jambo hili halitajwi kabisa, na kwangu ndilo kiini cha kisa chenyewe: tuliogopa gharama ambayo hatukuwa tumelazimishwa kuilipa.

Kwa nini takwimu za taifa hazisemi kitu

Wanaosema hatukuumia huonyesha mauzo ya nje ya Tanzania baada ya 2000. Yalipanda, na yalipanda sana. Ila tazama kilichopanda. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega ulianza mwishoni mwa 1998, Geita ukafuata mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Dhahabu ikawa bidhaa ya kwanza ya nchi kwa mauzo ya nje. Dhahabu hiyo haikuwa inauzwa Lusaka wala Lilongwe. Ingepanda vilevile hata kama tungebaki COMESA, na hata kama COMESA isingekuwepo.

Kipindi hichohicho bei ya kahawa ilianguka vibaya duniani, na mwishoni mwa 2001 Tanzania ilipata nafuu kubwa ya madeni. Ndani ya miaka mitatu mambo makubwa manne yalitokea pamoja. Mtu anayechukua jumla ya mauzo ya 1999, akailinganisha na ya 2004, kisha akasema ameona athari ya kutoka COMESA, hajaona chochote. Hii inawahusu wanaosema tulipata na wanaosema tulipoteza.

Njia bora zaidi ni kuuliza swali dogo: baada ya kutoka, ni soko gani hasa ambalo mfanyabiashara wa Kitanzania hakulifikia tena kwa masharti aliyokuwa nayo mshindani wake?

Ukichukua orodha ya COMESA na kuipitia nchi moja moja, nyingi zinabaki zimefunikwa na jumuiya nyingine. Kenya na Uganda: Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi: ziliingia Afrika Mashariki mwaka 2007. Zambia, Malawi, Zimbabwe na Mauritius: SADC. Zilizobaki bila mlango mwingine ni hasa za kaskazini, yaani Misri, Sudan, Ethiopia, Eritrea na Djibouti. Kati ya hizo, Misri ndiyo iliyokuwa soko kubwa lenye ushuru uliofutwa kwa wenzetu. Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, na chai hiyo inaingia kwa masharti ya COMESA. Chai ya Mufindi na Rungwe ilikosa masharti hayo.

Kwa hiyo kwenye karatasi hasara inaonekana ndogo, na watetezi wa kutoka huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo uchambuzi unapoanza, kwa sababu neno «SADC» kwenye orodha ile linaficha miaka minane.

Tunduma

Itifaki ya biashara ya SADC ilianza kupunguza ushuru mwaka 2000, taratibu, na eneo huru lake likazinduliwa Agosti 2008. COMESA ilifuta Oktoba 2000. Kati ya tarehe hizo mbili, kiwanda cha Nairobi na kiwanda cha Dar es Salaam havikuwa sawa mbele ya ofisa wa forodha wa Zambia.

Fikiria sabuni. Zambia hutoza bidhaa za viwandani zilizokamilika ushuru wa asilimia 25 zinapotoka nchi isiyo na upendeleo. Lori la sabuni ya Kenya linaingia Tanzania kwa Namanga, linashuka Arusha, linapita Iringa, linapanda hadi Mbeya na kutokea Tunduma. Limekata nchi yetu yote. Likifika Nakonde, upande wa Zambia, lina cheti cha uasilia cha COMESA, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetengenezwa ndani ya soko hilo, na ushuru wake ni sifuri. Nyuma yake kwenye foleni kuna lori la sabuni ya Dar es Salaam, limetembea umbali mfupi zaidi, limechoma dizeli kidogo zaidi, na linalipa ushuru kwa kiwango chochote ambacho ratiba ya SADC ilikuwa imefikia mwaka ule. Faida yetu kubwa kuliko zote, yaani kuwa jirani wa Zambia na Malawi, tuliipunguza kwa mikono yetu.

Hata baada ya 2008 tofauti haikuisha, maana kuna suala la uasilia wa bidhaa. Ili bidhaa ihesabike ni ya COMESA, inatosha kwa kawaida malighafi za nje zisizidi asilimia 60 ya thamani ya malighafi zote, au thamani iliyoongezwa ifike asilimia 35. SADC ina kanuni zake kwa kila aina ya bidhaa, na baadhi ni ngumu: nguo, kwa mfano, zinatakiwa zipitie hatua mbili za uzalishaji ndani ya kanda, kwa hiyo kushona tu kitambaa kilichoagizwa kutoka nje hakutoshi. Mwenye kiwanda kidogo cha kushona sare Dar es Salaam, anayenunua kitambaa cha China au India, anashindwa kanuni ya SADC, na ile ya COMESA haimhusu tena.

Chini yake kuna mfanyabiashara mdogo kabisa, yule anayevuka na magunia machache ya mchele, dagaa au vitenge. Mwaka 2010 COMESA ilianza kutumia utaratibu rahisi wa forodha kwa watu kama hao kwenye mipaka ya Zambia, Malawi na Zimbabwe: fomu fupi, orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hakuna haja ya wakala. Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wake, na mama anayeuza vitunguu Namanga anautumia. Lakini mama wa Tunduma, kwa kuwa Tanzania haikuwa COMESA na Zambia haiko Afrika Mashariki, alibaki katikati kwa miaka mingi. Mzigo wake wa mtaji wa laki chache ulitakiwa karatasi zilezile za mwenye kontena. Matokeo yake kila anayeijua Tunduma anayafahamu: njia za panya, vijana wa kuvusha mizigo, rushwa ndogondogo, na mzigo kutaifishwa siku ambayo bahati haipo.

Watu hawa hawakuulizwa mwaka 1999. Na ndio waliolipa.

Tulichopata

Ningekuwa sitendi haki kama nisingesema upande wa pili. Kenya ilibaki COMESA ikapata soko la chai Misri na soko la viwanda kusini, lakini ikapata pia sukari. Sukari ya bei nafuu ya COMESA ilitishia viwanda vya magharibi mwa Kenya, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa miaka mingi, nchi hiyo ilikuwa ikienda kuomba ulinzi wa muda, unaongezwa, unakaribia kuisha, unaongezwa tena. Wakulima wa Kilombero na Mtibwa waliepushwa na hilo, kwa njia hiyo angalau. Nasema angalau kwa sababu tatizo lilirudi kupitia SADC: baada ya eneo huru la 2008, Tanzania yenyewe iliomba ruhusa ya kutoza tena ushuru wa sukari na karatasi. Kutoka jumuiya moja hakukuondoa shinikizo lililotokana na gharama za uzalishaji za viwanda vyetu.

Faida iliyo wazi zaidi ni kwamba tuliingia mazungumzo ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tukiwa na nguvu ya kudai. Itifaki ya Machi 2004 ilikubali kwamba bidhaa za Tanzania na Uganda ziingie Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, huku baadhi ya bidhaa za Kenya zikiendelea kutozwa kwetu, kwa kiwango kinachoshuka, hadi Januari 2010. Kama Tanzania ingekuwa imeshafuta ushuru kwa Kenya mwaka 2000 ndani ya COMESA, dai hilo lisingekuwa na pa kusimama. Miaka ile viwanda vyetu viliitumia. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kwenda Nairobi Mei 2021 na vikwazo vya mpakani kulegezwa, mwaka huo Tanzania iliiuzia Kenya zaidi ya ilichonunua kwake, mahindi yakiongoza. Wazee wa 1977 wasingeamini.

Ila hata hili naliweka kwenye mizani pamoja na mfano wa Uganda. Uganda ilipata upendeleo uleule mwaka 2005, na haikuwa imetoka COMESA.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Hatukutoka kabisa. Tanzania ilibaki mwanahisa wa Benki ya PTA, ambayo leo inaitwa TDB (Benki ya Biashara na Maendeleo) na ilizaliwa na umoja huohuo. Na dereva wa lori anayetoka Dar kwenda Lubumbashi au Lilongwe bado anabeba bima ya COMESA, kadi ya njano, kwa sababu bila mpango huo angekata bima mpya kila mpaka. Taasisi zilizokuwa na faida ya wazi tulibaki nazo, na hilo lilikuwa jambo la busara. Kilichoachwa ni kile ambacho faida yake ilihitaji kusubiriwa.

Kinachofuata kwenye mjadala wetu

Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana zenyewe na kuamua mambo bila Tanzania, sauti za kutoka Jumuiya ya Afrika Mashariki zilisikika hata bungeni. Rais Jakaya Kikwete alikwenda Dodoma Novemba mwaka huo akalihutubia Bunge, akasema Tanzania haitoki. Mfano wa COMESA ulitolewa na wanaotaka tutoke, na bado hutolewa leo kila kunapotokea mvutano wa mahindi, malori au vibali vya kazi.

Hapa mfano unageuka. Kutoka COMESA kuligharimu kidogo kitaifa kwa sababu karibu kila mnunuzi muhimu alifikika kupitia jumuiya nyingine, hata kama kwa kuchelewa. Mali, Burkina Faso na Niger zilipotoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025 zilikuwa na kinga inayofanana: zilibaki kwenye umoja wa sarafu na forodha wa UEMOA pamoja na Senegal, Ivory Coast na wengine. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya haikuwa na kinga kama hiyo, ikabidi ijadili mkataba mpya na soko lake kubwa kuliko yote.

Sasa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haziko SADC. Ziko COMESA, na sisi hatuko COMESA. Kama Tanzania ingetoka Afrika Mashariki, kiwanda cha Arusha kingeiangalia Namanga kikitegemea zaidi mkataba mmoja, ule wa Eneo Huru la Biashara la Afrika nzima, ambao utekelezaji wake bado unakwenda hatua kwa hatua. Uamuzi wa 2000 uliufanya uanachama wetu wa Afrika Mashariki kuwa ghali zaidi kuuacha. Anayependekeza tutoke aanze kwa kutuonyesha, bidhaa kwa bidhaa, cheti gani kitatumika Namanga, Holili, Sirari, Mutukula na Rusumo asubuhi ya siku inayofuata.

Tarehe 25 Julai 2024 mkataba wa utatu unaounganisha COMESA, SADC na Afrika Mashariki, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015, ulianza kuwa na nguvu ya kisheria baada ya nchi 14 kuuridhia. Ukitekelezwa kikamilifu, mgawanyiko ambao ulitugharimu pale Nakonde unaweza kuondoka. Ningependa wizara inayohusika na biashara ianze na utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Tunduma na Kasumulu (mpaka wa Malawi), kabla ya makontena, kwa sababu hao ndio waliosubiri muda mrefu kuliko wote.